Daftari la waliorudishwa: shajara ya kuitetea ofisi yetu ya kipande

Wiki ya 1, Jumanne

Karatasi imebandikwa mlangoni kwa selotepu. Ni nusu ukurasa, haina tarehe wala muhuri. Inatuarifu kwamba huduma za ofisi hii ya usajili zitahamishiwa makao makuu ya kaunti ndogo robo hii ya mwaka ikiisha, na inatuomba subira. Nilipofungua duka saa moja na nusu, watu wanne walikuwa wameshaizunguka. Mmoja anasoma kwa sauti, watatu wanasikiliza, kisha anarudia tangu mwanzo kana kwamba mara ya pili itasema jambo jingine.

Niseme kabla sijasemewa: nina maslahi hapa. Duka langu ni la fotokopi, picha za paspoti na kutuma pesa, na liko hatua ishirini kutoka mlango huo. Ofisi ikifungwa, nami nafunga. Naandika shajara hii kwa sababu najijua. Nikiulizwa baada ya mwaka nitakumbuka yale yanayonifaa tu.

Kwa asiyetujua: tuko bara ya Pwani ya Kenya, nyuma ya ukanda wa minazi, mahali ambapo matatu ni mbili kwa siku na mvua ikinyesha huwa hakuna hata moja. Ofisi ni vyumba viwili ndani ya uwanja wa chifu. Hapo ndipo mtu huomba kitambulisho cha taifa akitimiza miaka 18, hapo ndipo huchukua kikitoka, na hapo ndipo tunapopeleka karatasi za vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Wazee huiita ofisi ya kipande mpaka leo. Kutoka hapa hadi makao makuu ya kaunti ndogo ni kilomita 60 na ushei.

Wiki ya 1, Ijumaa

Baada ya swala tumekutana chini ya mkwaju, Waislamu na Wakristo, wenye kipande na wasio nacho. Kwa macho yangu tulikuwa kama sitini. Vijana wa bodaboda walikuja na shauri moja: Jumatatu barabara ifungwe, tairi zichomwe. Si kwamba wanapenda moto. Wanajua moshi hufika Nairobi kabla ya barua. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka sasa sina.

Aliyewapoza ni mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, tena bila kukusudia. Alianza kusimulia vile babake alivyovishwa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kwa sheria ya wakoloni ya mwaka 1915 ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyekutwa hana alikuwa na kesi ya kujibu. Marehemu alilala msituni siku mbili asikipate, mzee akasema, na leo vitukuu vyake watasafiri kutwa nzima kwenda kukililia. Watu walicheka sana, na kicheko kilipoisha hakuna aliyerudi kwenye habari ya tairi.

Hapo Mwalimu akapata nafasi. Mwalimu ni mstaafu, na Katiba yake ya 2010 haina jalada, ameishona kwa uzi wa viatu. Alitusomea Ibara ya 6, kifungu cha tatu, ambayo inavitaka vyombo vya serikali ya taifa vihakikishe huduma zao zinafikika katika sehemu zote za Jamhuri kadiri inavyofaa. Kisha Ibara ya 47: hatua ya kiutawala iwe ya haraka, ya kisheria, ya busara na ya kufuata utaratibu wa haki, na anayeumizwa haki yake apewe sababu kwa maandishi. Mama mmoja aliuliza kama hiyo "kadiri inavyofaa" si mlango wa nyuma wa kutokea. Mwalimu akakubali kwamba ndio, ni mlango wa nyuma, na kazi yetu ni kusimama hapo.

Tumeafikiana tuanze kwa kuuliza. Kamati ni watu saba. Mimi nimepewa uandishi kwa kuwa nina printa, sio kwa sifa nyingine yoyote.

Wiki ya 2

Barua mbili. Ya kwanza inaomba sababu za maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka hatua yoyote inayogusa umma itanguliwe na tangazo, watu watoe maoni, maoni yazingatiwe, halafu uamuzi utolewe pamoja na sababu zake. Na ofisa akiombwa sababu asitoe, sheria humchukulia kuwa alitenda bila sababu ya maana. Sentensi hii Mwalimu aliisoma mara mbili, na mara ya pili alisimama.

Barua ya pili ni chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tumeomba idadi ya waliohudumiwa, idadi ya watumishi na gharama za ofisi. Sheria inawapa siku 21 za kujibu, na kupeleka ombi hakulipiwi. Kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne alikuwa ameshaanza kuandika kwa Kiingereza, jasho linamtoka, kila mstari anauliza tahajia. Mwalimu akamwonyesha mahali ambapo sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Nilimwona akishusha mabega. Barua ikaisha kwa nusu saa, tena nzuri, ina adabu na ina meno.

Jumatano nilizipeleka mwenyewe. Karani wa mapokezi alizitupia kwenye trei. Nikamwomba anipigie muhuri wa kupokewa kwenye nakala yangu, akasema muhuri uko na mkubwa. Nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba. Muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Kwa atakayefuata njia hii: nenda na nakala mbili, chupa ya maji, na usiondoke bila tarehe juu ya karatasi yako. Siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye tarehe hiyo, na bila muhuri huna siku ya kwanza.

Wiki ya 3

Wazo lililobadilisha mradi huu halikutoka kwa kamati. Limetoka kwa mama wa mahamri.

Tulikuwa tunabishana kama ofisi ina watu au haina. Mimi naona inafurika, mwenzangu anaona mara nyingi ni tupu. Mama akatuambia, huku akifunika beseni lake, kwamba sote tunasema kweli. Siku sistimu ikifanya kazi watu hukaa foleni, na wakikaa hula. Mahamri huisha saa nne. Siku sistimu ikishuka wanaambiwa mapema waende, na yeye hurudi nyumbani na nusu beseni. Watu huja siku zote, alisema, tofauti ni kama wanabaki.

Nimekaa na neno hilo usiku mzima. Rejista ya ofisi humwandika aliyehudumiwa tu. Aliyeamka saa kumi alfajiri, akatembea, akafika, akaambiwa karani ameitwa mkutanoni, huyo haandikwi popote. Kwa serikali hakuja. Akirudi wiki ijayo akakuta stima imepotea, hakuja tena. Kisha mtu mjini anafungua rejista, anaona majina machache, anasema wananchi hawaitumii ofisi yao.

Basi tutawaandika sisi. Daftari la kurasa mia mbili, safu nne: jina la kwanza na kijiji, saa aliyofika, alichotaka, alichojibiwa. Mwalimu hakutaka nambari za simu wala nambari za vitambulisho ziingie humo, akitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Daftari litalala kwenye droo yangu yenye kufuli. Zamu ni za saa mbili hadi saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne.

Wiki ya 4

Tumeanza. Siku ya kwanza watu wengi walidhani tunaandikisha misaada. Wawili walitaja na majina ya watoto. Siku ya pili karani wa ofisi alitoka nje akatuangalia. Ni kijana mpole, hana neno baya na mtu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama tunamwandika yeye. Nikamwambia tunaandika wanaorudi. Alifikiri kidogo, akasema basi tusisahau kuandika sababu, kwa maana siyo yeye anayeikata intaneti.

Nimejisikia vibaya. Wiki mbili nzima kwenye baraza tumekuwa tukimsema kana kwamba yeye ndiye serikali.

Wiki ya 5, Alhamisi

Aibu. Kijana aliyekuwa zamu jana ameandika watu 41. Duka langu linatazama mlango ule, sikuona hata ishirini. Nilipombana alikiri kwamba ameongeza majirani zake "kwa sababu hata wao wanahitaji". Alidhani anatusaidia.

Kamati ilikaa saa mbili juu ya jambo hili. Wengine walitaka tupunguze tu ile ya ziada. Lakini nani anajua ipi ni ya ziada? Tumeifuta siku yote. Tutahesabu siku 19 badala ya 20, na tutasema wazi kwa nini. Kijana hakufukuzwa, ila zamu zake sasa ni za wawili.

Wiki ya 5, Ijumaa

Barua imejibiwa. Nakiri sikutarajia. Ina muhuri, ina nambari ya kumbukumbu, na ina adabu. Sababu zake ni mbili: ofisi huhudumia wastani wa watu sita kwa siku, na huduma nyingi za serikali sasa zinapatikana kwa simu.

Hiyo ya pili imenichekesha, maana mimi ndiye simu yenyewe. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, naijua. Tangu 2014 imekua mpaka serikali ikatangaza mwaka 2023 kwamba huduma zilizomo zimepita 5,000, na kila juma natengenezea watu akaunti hapa dukani. Lakini akaunti yenyewe hufunguliwa kwa nambari ya kitambulisho. Na anayeomba kitambulisho mara ya kwanza lazima alete vidole vyake kumi vichukuliwe alama, navyo havitumwi kwa simu. Kwa hiyo kile kinachosemwa kwamba kimechukua nafasi ya ofisi hukihitaji kwanza cheti cha ofisi.

Kuhusu hiyo ya kwanza, tusubiri daftari.

Wiki ya 7

Hesabu imeisha. Tumejumlisha wanne, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Siku 19. Waliofika: 312. Waliohudumiwa: 121. Waliorudishwa: 191.

Kati ya hao 191, sistimu au stima ndiyo iliyowarudisha 84. Karani kuitwa kwingine, 61. Vifaa kuisha, 29. Waliobaki, 17, walikuwa na upungufu wao wenyewe: hana barua ya naibu wa chifu, hana cheti, jina la mzazi halilingani.

Sasa gawanya 121 kwa 19. Inakuja sita na kidogo kwa siku. Nilirudia mara tatu kwenye kikokotoo cha duka. Sita. Wao hawakudanganya. Takwimu yao ni ya kweli na tumeithibitisha kwa mkono wetu, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi kuliko kama wangedanganya. Gawanya waliofika: kumi na sita. Kila siku watu kumi wanaingia uwanja wa chifu na kutoka bila kuacha alama yoyote kwenye karatasi ya serikali.

Mama wa mahamri alipoonyeshwa alisema tungemuuliza yeye tungeokoa daftari.

Wiki ya 8

Tumekwenda kuonana na mkubwa wa usajili wa kaunti ndogo. Watano: Mwalimu, mama wa mahamri, kijana wa bodaboda, dada wa kikundi cha akina mama, na mimi na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Nilitarajia kiburi. Nilimkuta mtu aliyechoka. Ana makarani watatu kwa vituo vinne. Akimtuma mmoja kwetu, kwingine kunafungwa siku hiyo. Alisema hivyo bila kujitetea, akihesabu kwa vidole.

Dada akamweleza kilicho nyuma ya namba. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto hana pa kushika kwenye mfumo wa wizara wa kuandikisha wanafunzi. Bila kitambulisho hakuna kujisajili kwenye bima mpya ya afya, SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ajuza aliyepoteza kipande chake hapokei zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ambazo ni haki yake tangu miaka 70. Na wale vijana wa miaka 18 wanataka kupiga kura 2027. Nauli ya kwenda na kurudi hapo alipoketi bwana mkubwa ni shilingi 700 barabara ikiwa kavu, na safari ni mbili, ya kuomba na ya kuchukua, kama sistimu itakuwa na huruma zote mbili.

Alisikiliza. Halafu akauliza swali moja lililotumaliza: mtu mmoja akija mara tatu, mmemhesabu mara tatu?

Kimya. Mwalimu akanitazama, nami nikalitazama daftari. Ndiyo, tumemhesabu mara tatu.

Akasema basi hatujui ni watu wangapi. Kweli, hatukujua. Kwenye matatu ya kurudi hakuna aliyesema neno mpaka kijana wa bodaboda alipocheka peke yake, akasema yule bwana angetufaa kwenye kamati.

Wiki ya 8, usiku

Siku tatu za taa ya sola, mimi na Mwalimu, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji. Zile safari 312 ni za watu 227. Walio wengi wamekuja mara moja. Lakini yuko mama mmoja kutoka kijiji cha mbali kabisa, cheti cha kifo cha mumewe, amekuja mara sita. Mara ya kwanza sistimu. Mara ya pili karani hayupo. Mara ya tatu sistimu. Ya nne, vifaa. Ya tano, karani. Ya sita amehudumiwa. Kwenye rejista ya serikali ameandikwa mara moja, kama mtu aliyeingia na kutoka kwa raha zake.

Kumbe swali la bwana mkubwa halikutuharibia kitu. Limetupa ukurasa bora zaidi wa ripoti yetu. Nimempelekea hesabu mpya, pamoja na shukrani, na sikuwa nakejeli.

Wiki ya 9

Jibu limekuja kwa mdomo kupitia kwa chifu: ofisi itafungwa, lakini gari la usajili litafika mara moja kwa mwezi. Kamati imepasuka vipande viwili.

Upande mmoja unasema tuchukue, kidogo si haba. Upande mwingine unauliza gari litapitaje mtoni mwezi wa Mei. Mimi nilikuwa upande wa kuchukua, mpaka kijana wetu wa kidato cha nne alipotuletea habari aliyoisoma ya Marekani. Mwaka 2015 jimbo la Alabama lilitangaza kufunga vituo 31 vidogo vya leseni za udereva kwa sababu ya upungufu wa bajeti, vingi vikiwa kwenye wilaya maskini zenye Weusi wengi, na hali sheria ya jimbo hilo ilitaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Makelele yalipozidi, gavana Robert Bentley akarudisha huduma: siku moja kwa mwezi. Wengi wangesema wameshinda. Lakini Idara ya Uchukuzi ya serikali kuu ilichunguza, na Desemba 2016 jimbo likakubali kuongeza siku na saa za kazi.

Sisi si Alabama. Leseni si kipande, na hapa sijaona idara ya juu ikija kuchunguza bila kuitwa. Kilichoninasa ni ile siku moja kwa mwezi. Wenye kufunga ofisi, wa huko na wa huku, huifikia bila kuulizana. Nadhani ni kwa sababu siku moja inaandikika kwenye ripoti kuwa huduma ipo, na siku hiyo ikikosekana hakuna daftari la kuionyesha. Nimebadili upande. Tumepiga kura: watano kwa wawili. Tunataka siku mbili kwa wiki, karani anayejulikana, na siku zibandikwe ukutani.

Wiki ya 10

Maombi kwa Bunge la Taifa. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi, na tulidhani kazi ni kukusanya sahihi. Lo! Masharti yake: maandishi yasiwe na kufutwafutwa wala maneno ya kuchomekwa, sahihi au alama ya kidole iwekwe juu ya karatasi yenyewe, isibandikwe, isiambatishwe hati nyingine, iseme kama tumeshajaribu kwingine na kama kuna kesi mahakamani, na imalizie kwa ombi lenyewe, wazi. Karatasi ya kwanza imeharibika kwa sababu mzee alikosea jina lake akalipitisha mstari. Ya pili chai. Ya tatu imesalimika.

Halafu tukafika kwenye sharti la nambari ya kitambulisho ya kila mwombaji.

Dada ndiye aliyeona kwanza, akaweka kalamu chini. Watu wanaoumia zaidi na ofisi hii kufungwa ni wale wasio na kitambulisho, na hao hawawezi kutia sahihi ombi la kuomba ofisi ya kutoa vitambulisho. Kati ya waliopanga foleni kwenye meza yetu siku hiyo, kila baada ya muda mfupi mmoja alirudishwa. Na sisi! Kijana wa bodaboda, bila kuambiwa, alikwenda akachukua daftari la zamani na kuanza kuwaandika.

Tuna sahihi 140. Kwa kanuni za Bunge, kamati inayopewa ombi huwa na muda maalumu wa kutoa jibu tangu lisomwe bungeni. Nakala nyingine ya malalamiko tumeipeleka Tume ya Haki ya Utawala, wale wanaojulikana kama Ombudsman. Wana ofisi Mombasa na hawatozi chochote.

Mwalimu alitaka tuweke pia hukumu ya Kiambu ya mwaka 2014, pale Jaji Odunga alipoibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tumemwambia aiweke akiba. Mahakama ni ghali, na kwanza inabidi uonyeshe umemaliza njia za ndani.

Wiki ya 12

Hakuna jipya. Mvua. Matatu haikuja siku nne. Tangazo mlangoni limelowa na kubabuka pembe moja, na mtu ameirudishia kwa gundi. Sijui ni nani, na sielewi kwa nini.

Wiki ya 13, Jumatatu

Barua. Kufungwa kumesitishwa kwa miezi sita. Karani atakuwepo Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tisa. Baada ya hapo idara itapima upya "kulingana na matumizi".

Kwenye mkwaju watu walipiga vigelegele. Mimi neno hilo la mwisho lilinikaa kooni. Matumizi kwa hesabu ya nani? Nimeandika barua fupi siku hiyohiyo: tunashukuru, na tunaomba rejista ya ofisi iwe na safu moja zaidi, ya waliofika wasihudumiwe, na sababu. Sijajibiwa. Bwana mkubwa alinipigia simu, si kuhusu barua, bali kuuliza kama lile daftari bado tunalo. Nikamwambia tunalo. Akasema sawa, akakata.

Wiki ya 14, Jumanne

Siku ya kwanza ya ratiba mpya. Karani amefika saa mbili kasoro dakika tano, yuleyule kijana mpole, na amenunua mahamri manne. Foleni 23. Yule mzee wa miaka themanini alikuja, hana shida ya usajili, amekaa tu kwenye benchi. Tangazo limebanduliwa, imebaki selotepu.

Mahamri yameisha saa tatu na nusu. Nimetoa fotokopi nyingi kuliko wiki nzima iliyopita, na niliahidi kusema ukweli kuhusu maslahi yangu, basi nasema.

Saa sita na robo sistimu imeshuka. Waliohudumiwa 14, waliorudishwa 9. Daftari la kwanza limejaa, nimempa kijana wa bodaboda jipya. Alhamisi ni zamu yangu.